Mtaa mtulivu, nyumba ya zamani: tusaini mkataba wa miaka miwili?

BARUA

Ndugu washauri, salamu kutoka Jinja.

Tuko watu watano nyumbani: mimi, watoto watatu wa miaka 4, 7 na 11, na baba yao ambaye kazi yake iko Kampala, kwa hiyo huja mwisho wa juma tu. Tulitoka Kampala, sehemu yenye baa upande mmoja na karakana upande wa pili, tukapanga nyumba ya zamani huku Nile Crescent. Ina vyumba vitatu, paa la mabati, na ua wenye miembe na mijakaranda. Utulivu tulioutafuta tumeupata. Usiku ni mbwa na vyura tu.

Nyumba yenyewe ndiyo inatusumbua. Maji ya bafuni yanatoka kidogo sana, na ya asubuhi yana rangi ya chai. Mimi ninaoka keki za kuuza, na soketi ya oveni inachemka mpaka plastiki inanuka. Darini kuna popo, jioni harufu inashuka mpaka chumba cha watoto. Choo kinagugumia tukimwaga maji ya bafu. Fundi mmoja ametukadiria hivi: umeme 3,100,000, mabomba 2,300,000, kuvunja dari yote na kuweka mpya 1,800,000, choo 900,000.

Mwenye nyumba anasema tukisaini miaka miwili na kufanya matengenezo yote kwa fedha zetu, atashusha kodi kutoka 1,100,000 hadi 800,000 kwa mwezi. Anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Fundi anataka kuanza na dari wiki ijayo.

Jambo la pili ni majirani. Wengi ni wazee, kila mmoja nyuma ya ua wake. Tangu tuhamie, Hajati wa jirani hajasema nasi ila mara moja, alipomtuma kijana wake aniambie kwamba bodaboda za wateja wangu zinapiga honi langoni. Watoto hawana wenzao wa kucheza nao, na baba yao asipokuwepo naogopa giza la barabara hii. Tubaki au turudi Kampala? Na mkataba tuusaini?

Mama Keki, Jinja

JIBU

Mama Keki,

Bakini, ila mkataba huo usiusaini jinsi ulivyo. Na kabla ya yote mpigie fundi simu leo umwambie asiguse dari.

Tuanze na hiyo dari, kwa sababu ndiyo yenye hatari isiyoonekana. Nyumba nyingi za Jinja za aina hiyo zilijengwa miaka ya 1950, wakati bwawa la Owen Falls lilipojengwa na kufunguliwa mwaka 1954 na mji ukajaa viwanda. Dari za wakati ule zilikuwa hasa za namna mbili. Moja ni ubao laini wa nyuzi za miti, ambao pini inaingia kwa kidole. Nyingine ni sahani bapa za kijivu, ngumu, zinazokatika kama kigae, zenye vipande vya mbao vinavyoficha maungio. Hizo za pili mara nyingi ni saruji iliyochanganywa na asibesto. Usichimbe wala usikwaruze ili kujua ni ipi. Fungua mlango wa dari, tazama ukingo wa sahani kwa tochi, na ikiwa ni ngumu na ya kijivu, ichukulie kuwa ni asibesto mpaka maabara iseme vinginevyo.

Sahani nzima iliyopakwa rangi haimdhuru anayelala chini yake. Balaa huja ikivunjwa, ikikatwa kwa msumeno au ikitobolewa kwa drili: nyuzi zake ndogo zisizoonekana huelea hewani, huingia mapafuni na kubaki humo, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Fundi atakayeivunja kwa nyundo wiki ijayo, watoto wakiwa chumba cha pili, atawaachia hatari hiyo kwa sababu ya popo wanaoweza kuondoka bila dari kuguswa. Kama kuna ufa mdogo, paka rangi ya maji mara mbili juu yake uuzibe. Kama sahani imeshavunjika na inamwaga unga, hama chumba hicho, funga mlango, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba kuleta watu wanaojua kuiondoa ikiwa imeloweshwa na kufungwa ndani ya plastiki nzito.

Popo wako, kwa harufu unayoieleza, ni wale wadogo wanaokula wadudu, si wale wakubwa wanaoning'inia mitini. Hupita kwenye mwanya wa unene wa kidole, hasa pale bati lilipokutana na ukuta na kwenye pembe za ubao wa ukingo wa paa. Jioni, kabla kidogo ya saa moja, kaeni watu wawili kwenye pembe mbili za nyumba zinazotazamana, kwa dakika 40, mhesabu mianya wanayotokea. Mwanya unaotumika huwa na doa la kahawia lenye mafuta. Saa mbili, wakubwa wakishatoka, sikiliza darini: ukisikia vilio vyembamba, kuna watoto wasioweza kuruka. Hapo subiri kama wiki sita. Ukiziba mapema watafia ndani, na harufu utakayoipata itakufanya uikumbuke hii ya sasa kwa hamu.

Kukiwa kimya, ziba mianya yote midogo kwa chokaa na saruji au kwa wavu wa waya wa kuanikia kahawa, ukiacha ule mmoja mkubwa. Juu ya huo pigilia wavu wa plastiki, ushuke nusu mita chini ya tundu, pande zimefungwa, chini wazi. Popo hutambaa akatoka kwa chini, lakini akirudi hutua penye tundu lake la zamani na kukuta wavu. Acha hivyo usiku 5 hadi 7, kisha ziba. Chandarua cha kitanda kisitumike, kucha hunasa. Sumu pia isitumike. Kinyesi kilichoko darini kisifagiwe kikavu hata kidogo, kwa kuwa vumbi lake linaweza kuwa na ukungu unaoshambulia mapafu: kinyunyizie kwanza maji yenye jiki, kipimo kimoja kwa tisa za maji, vaa barakoa nzito na glavu, ukikusanye kikiwa kibichi. Na mtoto asiokote popo aliyeanguka, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Kazi yote hii ni misumari, wavu, mfuko wa saruji na siku mbili za fundi, si 1,800,000.

Sasa oveni. Acha kuitumia soketi hiyo leo hii. Oveni ya wati 3,000 kwenye umeme wa volti 240 inavuta ampia 12.5, na inavuta hivyo kwa saa nzima, tofauti na birika linalomaliza kwa dakika tano. Nyumba za umri huo mara nyingi bado zina nyaya zilizovikwa mpira; mpira ukikaa miaka mingi kwenye joto la dari hukauka, na ukiugusa unamomonyoka kama mkate mkavu. Ukibadilisha soketi peke yake, joto litahamia kwenye kiungo kinachofuata, ndani ya ukuta, usipoliona. Wala usimruhusu mtu akuwekee fyuzi nene au breka kubwa zaidi ili "isikatike katike". Kukatika ndiko kunakuokoa.

Dawa ni laini yake peke yake: waya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye boksi la umeme hadi jikoni, breka ya ampia 20, na swichi kubwa ya jiko ukutani. Soketi za kawaida zipate waya wa 2.5. Kwenye boksi iongezwe breka ya kukinga mshtuko, ile ya miliampia 30. Mwulize fundi akuonyeshe fimbo ya ardhi nje ya nyumba, akaipime kwa mita mbele yako: katika nyumba za zamani mara nyingi utakuta waya tu umeingia udongoni, na fimbo iliyeyuka kwa kutu zamani. Mpya iwe ya shaba ya mita 1.2 au zaidi, ipigwe mahali penye unyevu. Na fundi awe na kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA. Omba kukiona, kina daraja lake na tarehe ya kwisha.

Mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, nayo ina jambo moja. Tangu 1 Aprili 2025 usambazaji ulipotoka kampuni iitwayo Umeme kwenda shirika la serikali la UEDCL, mita zimebaki na akaunti zake, na akaunti ya nyumba ya zamani huweza kuwa na deni la mpangaji aliyetangulia. Nunua umeme kidogo, soma risiti mstari kwa mstari. Ukiona makato usiyoyajua, mpelekee mwenye nyumba kabla hujasaini chochote. Kwa mtu anayepika kwa umeme nyumbani, uniti 15 za mwanzo wa mwezi zina bei ya chini, na baada ya uniti 80 kuna nafuu ya mapishi hadi uniti 150. Ukipanga uokaji wako mkubwa usivuke hapo sana, utaona tofauti.

Maji ni rahisi zaidi kuliko fundi alivyokuonyesha. Mabomba ya chuma ya wakati ule huota kutu ndani mpaka tundu la inchi nzima linabaki la penseli. Kutu hiyo hukaa usiku kucha ndani ya maji yaliyotulia, ndiyo chai yako ya asubuhi. Chukua jerikeni ya lita 20, ijaze kwenye koki ya nje iliyo karibu na mita, uangalie saa. Kisha jikoni, kisha bafuni. Nje ikijaa kwa dakika mbili na bafuni kwa saba, shirika la maji halina kosa, ni bomba la ndani. Nje pia ikichukua dakika saba, hakuna haja ya kubomoa ukuta wowote kabla shirika halijaja kuangalia laini yao na mita.

Likiwa ni bomba la ndani, usikubali kubadilishiwa kipande kimoja. Fundi akikaza spana kwenye nyuzi zilizooza, kipande kinachofuata hupasuka, halafu kingine, na utalipa mara nne. Acha mabomba ya zamani yafe ukutani. Pitisha laini mpya nje ya nyumba, bomba la PPR la milimita 25 kutoka mita, na la 20 kwa kila tawi, likizikwa sentimita 30 au kufunikwa, kwa sababu jua huliharibu. Ukuta utatobolewa mahali pa kuingilia tu. Njia hii inaweza kupunguza ile 2,300,000, basi omba hesabu mpya. Tangi, ukiliweka, lisiwe juu ya mbao za paa: lita 1,000 ni tani moja, na mbao hizo zina umri wa bibi. Jukwaa la zege au chuma pembeni ya nyumba, kimo cha mita 3. Kimo hicho kinatosha koki na ndoo, ila si bafu la mvua la kupasha maji papo hapo.

Usiku mmoja fungeni koki zote, usome mita hadi zile tarakimu nyekundu, usome tena alfajiri kabla mtu hajaenda chooni. Ikisogea, kuna uvujaji ardhini, na katika ua wenye miembe mizee mizizi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Mizizi hiyohiyo huenda ndiyo inayogugumisha choo. Tazama bili yako ya maji: ikiwa na mstari wa majitaka, mmeunganishwa na bomba la jiji, na kuziba kwa bomba kuu ni kazi ya shirika. Isipokuwepo, mna tangi la septiki mahali fulani uani. Fungueni chemba moja baada ya nyingine kuanzia nyumbani. Penye maji yaliyosimama na panapofuata pakavu, kizibo kiko katikati. Mabomba ya udongo ya zamani yaliungwa kwa saruji, saruji hupasuka, mzizi mwembamba huingia na kunenepa humo. Kuuvuta kwa fimbo kunakupa miezi michache tu. Badilisha kipande hicho kwa PVC ya milimita 110, mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Ukizidisha mteremko, maji hukimbia na uchafu ukabaki. Tangi lenyewe, tumbukiza ufito mrefu: tope likifika theluthi ya kina, ita lori la kunyonya. Na wewe unayeoka, siagi ndiyo adui. Futa mabakuli kwa gazeti kabla ya kuosha, na sinki la jikoni lipewe chemba ndogo ya kunasa mafuta, sentimita 60 kwa 60, isafishwe kila wiki mbili.

Rangi ya zamani ya madirisha ipigwe msasa ikiwa imeloweshwa tu. Nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na una mtoto wa miaka 4.

Tuje kwa Hajati. Katika mtaa wa namna hii watu hawakuchukii, wanakusubiri. Mgeni ndiye anayekwenda kujitambulisha, na wewe umeshakaa kimya kwa muda unaotosha wao kukisia mambo. Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ukaandikishwe pamoja na watoto. Atakueleza nani ni nani, nani mgonjwa, nani ana kiwanja cha mgogoro. Kisha nenda kwa Hajati mwenyewe, baada ya alasiri, usimtume mtoto. Usipeleke keki ya krimu, maana wazee wengi wanapigana na sukari. Ndizi mbivu au mkate vinatosha. Kaa dakika kumi. Mpe namba yako ya simu, mwambie honi umezikomesha, na mwambie saa za kazi yako. Usijitetee. Umwombe akupigie yeye, asimtume kijana.

Na honi zikome kweli. Wateja wasije langoni. Chagua mwendesha boda mmoja wa stendi ya karibu, achukue keki zote kwa safari mbili, tuseme saa nne asubuhi na saa kumi jioni, azime pikipiki nje na kupiga simu. Mashine ya kupigia mayai isiwashwe kabla ya saa moja asubuhi dirisha likiwa wazi upande wake. Wakati huohuo pita ofisi ya Divisheni ya Kusini uulize leseni ya biashara ya nyumbani. Mtaa wa makazi ni mtaa wa makazi kwa mipango ya jiji, na ni heri uulize wewe kuliko jirani akuulizie.

Kinachounganisha wazee hawa hukioni barabarani. Kiko msibani, kanisani, msikitini, na katika vikundi vya munno mukabi ambavyo akina mama huchanga kwa ajili ya mazishi, harusi na ugonjwa. Omba kujiunga na kimoja. Ukifika kwenye matanga ya kwanza, ukakaa chini na wenzako, ukatoa mchango wako na ukasaidia kuosha masufuria, utakuwa umeingia mtaani zaidi ya mtu aliyekaa miaka mitatu akisalimia kwa dirisha la gari. Watoto watapata wenzao likizo: nyumba hizo unazodhani hazina watoto hujaa wajukuu wa Kampala shule zikifungwa. Wa miaka 11 mpeleke mapema kwenye madrasa au kwaya iliyo karibu, huko ndiko urafiki wa mtaa mtulivu huanzia. Mpira wa ukutani saa za mchana, kati ya saa saba na saa tisa, uzuieni. Ndio muda wazee wanalala.

Kuhusu giza: taa ya LED ya wati 10 langoni, ikiwaka saa 12 kila usiku, hula uniti 3.6 kwa mwezi. Weka mbili. Punguza ua wa mbele ufike kifuani, usiuache uwe ukuta wa majani. Watu wengi huurefusha kwa kuogopa wezi, kumbe mwizi ndiye anayenufaika, akishaingia hakuna anayemwona. Ulizia kama kuna askari wa pamoja. Nyumba nne au tano zikichanga, mmoja anatembea usiku kucha, na mchango wako ni mdogo kuliko kumwajiri wa peke yako anayelala saa sita. Mbwa, kama mnaye, achanjwe kila mwaka. Tawi la mwembe lililoegemea waya wa umeme lisikatwe na kijana wa panga; hao ni UEDCL. Miti iliyo kando ya barabara ni ya jiji, haikatwi bila ruhusa.

Mkataba sasa. Mwenye nyumba anakupa 300,000 kwa mwezi mara 24, yaani 7,200,000. Fundi anataka 8,100,000. Kwa maneno mengine umlipe 900,000 kwa heshima ya kumtengenezea nyumba. Ukiondoa dari, gharama ni 6,300,000, na kwenye karatasi unaonekana umefaidi 900,000. Lakini fedha hizo zinatoka mfukoni mwako miezi ya mwanzo, na punguzo linarudi polepole, miezi 21 kabla hujafidia. Nyumba ikiuzwa mwezi wa kumi wa mkataba, umepoteza 3,300,000. Na mitaa hii huuzwa: kiwanja kikubwa, nyumba moja ya chini, karibu na mto. Mnunuzi wa leo hataki mabomba yako, anataka kubomoa ajenge ghorofa au hoteli.

Nyaya za ukutani, bomba kuu na bomba la choo ni mwili wa nyumba, na mwili wa nyumba ni wa mwenyewe. Mpelekee pendekezo hili: kodi ibaki 1,100,000, mfanye matengenezo ya umeme, maji na choo kwa makadirio matatu yaliyosainiwa, na kila mwezi mkate 550,000 hadi fedha ziishe. Kwa 6,300,000 mtakuwa mmemaliza kabla ya mwaka kuisha. Yeye hatoi fedha taslimu, ninyi hamkopeshi miaka miwili. Risiti na picha zenye tarehe, kabla na baada, ziambatishwe. Kiandikwe kifungu kwamba akiuza nyumba au akiwatoa kabla ya deni kwisha, atalipa kilichobaki siku ya kukabidhi funguo, na mnunuzi awe amefungwa na mkataba huo.

Kwa sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji, kodi ya kuanzia 500,000 inahitaji mkataba wa maandishi, na ongezeko halipaswi kupita asilimia 10 kwa mwaka. Yaandikeni yote mawili. Omba nakala ya hati, kisha kaitafute katika ofisi ya ardhi ya kanda pale Jinja. Nyumba nyingi za eneo hilo zilikuwa za Waasia waliofukuzwa mwaka 1972, zikapita mikononi mwa bodi ya serikali, na baadhi zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo mtu anayekusanya kodi si lazima awe mwenye hati. Akiwa wakala, akuonyeshe barua ya mamlaka iliyosainiwa na mwenyewe. Tazama pia miaka iliyobaki kwenye ukodishaji wa ardhi: ikibaki mitatu, usitengeneze chochote kinachobaki ukutani.

Akikubali yote ila kifungu cha kuuza, amekwambia anachokifikiria. Hapo jengeni kitu kimoja tu kwa fedha zenu, laini ya oveni ikipitishwa juu ya ukuta ndani ya bomba la plastiki, ambayo mnaweza kuing'oa na kuondoka nayo. Popo waondoeni, gharama yake ni ndogo na watoto wanahitaji hewa. Lipeni 1,100,000 mwezi kwa mwezi, na uanze kuulizia nyumba nyingine palepale Nile Crescent. Usitafute vibao, ni vichache mno. Nyumba za mitaa hiyo hutangazwa kwa mdomo, kwa mwenyekiti, kwa askari, na kwa akina Hajati.